Safi ya Kazi Gani

Alipohamia kwetu, jina la kwanza tulilompa lilikuwa la kumsingizia. Tulimwona akishuka kwenye gari la serikali na kasha lililojaa chupa, za kioo na za plastiki, zote tupu, zimepangwa wima kama wanakwaya. Kabla hajafungua mlango wa nyumba aliyokodi, kilima kizima cha Gakindu kilikuwa kimeshaamua.

"Mama Chupa," alisema jirani yangu, akitikisa kichwa kwa huruma. "Na bado ni msichana. Kweli pombe haina adabu."

Tulipogundua kwamba chupa zile zilikuwa za kutilia maji ya mito, na kwamba yeye alikuwa mtu wa serikali wa kupima maji hayo, jina lilikuwa limeshaota mizizi, na sisi watu wa Mukurweini hatung'oi kitu kilichoshika. Mbele yake tulimwita Madam. Nyuma yake, na hata mbele yake mtu akijisahau, alikuwa Mama Chupa. Aliitika yote mawili.

Nami nitamwita hivyo hivyo. Jina lake la kitambulisho libaki kwenye kitambulisho. Kwetu huwezi kuuza hata kuku bila kuulizwa wewe ni wa nyumba ya nani, lakini habari za nyumba yao sikuwahi kuzipata, na nilijaribu sana. Alitoka upande ule mwingine wa Mlima, kule mashariki, na lugha yake na Kikuyu chetu zilielewana kama majirani wenye mpaka mmoja: mengi yanafanana, ila usitie sahihi. Kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, yeye akikivunjia upande wake, sisi tukikivunjia upande wetu.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi, nikakaa. Nina ng'ombe, migomba na kahawa kidogo. Mke wangu, Mama Njoki, ndiye msafiri. Yeye hupeleka ndizi sokoni Karatina na kurudi na habari. Mimi nikifika Mukurweini mjini tu, kichwa huniuma kwa kelele za boda boda. Faida ya kukaa ni kwamba dunia ikipita inakukuta, na njia ya kwenda mtoni inapita kwenye shamba langu. Miaka yote aliyofanya kazi kwetu, Mama Chupa alipita getini kwangu akishuka na chupa tupu, akapita tena akipanda na chupa zilizojaa, na mara nyingi alisimama kunicheka kidogo.

Mto wenyewe si wa kujivunia. Tunauita Karui, yaani kijito, kama mtu amwite mbwa wake Mbwa. Ofisini kwao Nyeri ulikuwa na namba. Juu yetu kidogo, kando ya Karui, kuna fakitori ya kahawa ya chama chetu, mahali tunapopeleka kahawa nyekundu ikamenywe na kuoshwa. Maji ya kuosha kahawa yana rangi ya uji wa wimbi na harufu ya kitu kilichosahauliwa kwenye sufuria. Yakiachwa yaingie mtoni jinsi yalivyo, mto unakufa taratibu mpaka msimu uishe. Ndiyo maana fakitori ilitakiwa kuyatuliza kwanza kwenye mashimo, na mashimo hujaa, na kuchimba mengine ni kazi na gharama.

Jambo hili naliweka mbele mapema, msomaji asije akadhani naandika juu ya chupa za mwanamke. Sheria ya mashimo ilisimama juu ya neno moja tu: kwamba Karui ni mto wa maji ya nyumbani. Na neno hilo serikali huwa inakuja kuliuliza upya.

Nililielewa siku ya kwanza niliyozungumza naye. Nilikuwa nimeegemea geti, kazi ninayoiweza, nikamwuliza kwa adabu, "Madam, hii maji yetu ni safi?"

"Safi ya kazi gani?"

Nilidhani hakusikia. "Safi tu."

"Hakuna safi tu, Baba Njoki. Ya kunywa? Ya ng'ombe? Ya kumwagilia sukuma wiki? Ya samaki? Kila kazi iko na usafi yake." Akaweka kasha chini. "Wewe uko na koti ya shamba na koti ya kanisa?"

"Niko nazo," nikasema. Jikoni Mama Njoki alicheka kwa sauti, maana anazijua koti zangu zote, na zote ni moja.

"Koti ya shamba ikiwa na tope, ni chafu?"

"Hapana. Hiyo ni koti ya shamba."

"Na ya kanisa ikiwa na tope kama hiyo?"

"Wamama wa kanisa watanifukuza."

"Basi ndiyo hiyo. Serikali inaanza kwa kuuliza mto ni koti gani. Halafu inaandika ni tope kiasi gani inakubaliwa. Halafu inanituma mimi kila mara niangalie kama inafuatwa. Hiyo ndiyo kazi yangu yote. Hata mshahara ukiuona utajua ni hiyo tu."

"Na ukianza kuvaa ile ya kanisa shamba?" nikauliza, kwa sababu nilitaka kuonekana nimeelewa.

"Hairudi kanisa tena," Mama Njoki akajibu kutoka jikoni.

Mama Chupa akageuka kulitazama dirisha la jikoni, akanitazama mimi, akalitazama dirisha tena. "Huyu mama ako na akili. Wewe ulimpata namna gani?"

Swali lile sijalijibu mpaka leo.

"Safi ya kazi gani" lilikuwa jibu lake kwa kila mtu. Mhubiri wa kanisa moja dogo, wale wanaobatiza kwa kuzamisha, alimfuata hadi mtoni kumwuliza kama Karui inafaa kwa ubatizo. Waumini walikuwa wameshavaa kanzu, wanangoja ukingoni kwenye baridi.

"Kwa dhambi siwezi kupima," akamwambia. "Kwa tumbo, waambie wafunge mdomo."

Mhubiri aliligeuza likawa sehemu ya ibada. Hadi leo, watu wakizamishwa pale, mzee mmoja husimama kando akitangaza, "Funga mdomo, funga macho, acha ya zamani," na wageni hudhani limetoka kwenye Maandiko.

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa ya kuchosha kutazama, na mimi nilitazama sana. Alichota mahali pale pale, siku zote, juu ya fakitori na chini ya fakitori, hata kama hatua chache pembeni palikuwa na kivuli na pa kukalia. Nilimshauri ahamie kivulini. Akaniuliza, "Mtoto ukimpima leo kwa mizani ya kliniki, kesho kwa mizani ya viazi, utajua amenona?" Alisimama akiukabili mkondo ili matope ya viatu vyake yasiingie kwenye chupa. Alisuuza chupa kwa maji ya mto ule ule, isipokuwa zile zilizochemshwa maabara, ambazo hata kuzipumulia hakutaka. Kisha aliinama akageuza mawe. Chini ya mawe ya mto mzima huishi vidudu vidogo vyenye mikia, ambavyo haviwezi kuvumilia maji mabaya. Kabla ya kugeuza jiwe alisema, "Hodi." Nilidhani ni mzaha. Siku moja katika msimu wa kahawa aligeuza mawe mengi bila kusema lolote zaidi ya hilo hodi, akanyooka na kusema, "Wamehama." Sikucheka.

Mwanamke huyo huyo, aliyeingia mtoni na buti mpaka magotini mvua ikinyesha, aliogopa vyura. Simaanishi kwamba hakuwapenda. Aliogopa kama mtu anavyoogopa chui. Chura akiruka ukingoni, afisa wa serikali alipiga yowe lililosikika Gakindu sokoni, na chupa yenye maji ya taifa ikaenda na mkondo. Nilimwambia hii ni sawa na mwuza nyama anayeogopa ng'ombe. Akasema, "Ng'ombe haikurukii kifuani, Baba Njoki. Na kama inakurukia, hama."

Mara moja tu alinitoa nyumbani. Msaidizi wake alikuwa mgonjwa, na alihitaji mtu wa kubeba kasha la barafu mpaka Kieni, kwenye vijito vya upande wa Chaka. Niliwaaga watu wangu kama ninayekwenda Ulaya. Mama Njoki alinifungia viazi vitamu, kana kwamba Chaka hakuna chakula, wakati kila mtu anajua Chaka ni mahali ambapo mbuzi hufika akiwa na miguu na kuondoka akiwa tumboni mwa wasafiri. Tulichukua maji kwenye vijito, tukayapanga kwenye barafu, kisha tukasimama Chaka kula. Nyama ilibaki. Mimi ni mtu wa nyumbani, situpi mbavu. Na palikuwa na kasha zuri, lenye baridi, lenye nafasi.

Aligundua tulipokaribia Nyeri. Alifungua kasha aongeze barafu, akainua kifurushi.

"Baba Njoki. Hii ni nini kwa mto wangu?"

"Ni mbavu, Madam. Nimezifunga na gazeti."

Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alimwambia dereva ageuze gari. Tulirudi kwenye vijito vyote, akamwaga kila chupa, akachota upya kwa zile za akiba, na mimi nikabeba kasha njia nzima mbavu zikiwa mapajani. "Nikipeleka hizi," aliniambia, "maabara itasema Kieni inatiririka mafuta ya mbuzi, na kuna mtu ataandikiwa barua juu ya mbuzi wako." Tangu siku hiyo akinipita getini husema, "Habari ya mafuta?" na wageni wangu hudhani nina lori.

Nilijaribu kufidia. Nilimpelekea maji ya kisima changu yapimwe, kwenye chupa ya soda niliyoiosha mwenyewe kwa mikono yangu. Majibu alinipa kwa mdomo: "Kisima yako iko na sukari na rangi ya machungwa. Ungeiuza."

Lakini kwa majibu ya kweli hakuwa na mzaha, wala hakuwa na ukali. Sikuwahi kumsikia akimwita mtu mchafuzi. Maji yalipokuwa mabaya chini ya fakitori, alipanda kwa mwenyekiti wa chama cha kahawa, akakaa, akaomba kikombe, na kusema, "Mwenyekiti, majibu yamekataa." Kana kwamba majibu ni mtoto wa shangazi yake mwenye kiburi na yeye ametumwa tu.

Mwenyekiti si mtu mbaya. Huimba besi kanisani, na msiba ukitokea yeye ndiye wa kwanza kuleta sufuria. "Madam," alimwambia mara nyingi, "kahawa ndiyo inasomesha hawa watoto. Karui haisomeshi mtu."

"Najua. Hata mimi ninakunywa kahawa. Chimba shimo lingine."

Na shimo lilichimbwa, kwa manung'uniko, msimu mmoja baada ya mwingine.

Alikuwa na majivuno yake, na ni haki niyaseme. Hakuonekana akibeba kitu kichwani wala mgongoni. Kofia yake ilikuwa imenyooshwa. Alipostaafu hakurudi kwao; alinunua kipande juu ya shamba langu, akajenga nyumba ya mawe, akaweka tangi jeusi kubwa kuliko jiko langu, mifereji ya paa imepakwa rangi, bomba mbili, moja ya ndani. Tulimwonea fahari na wivu kwa kipimo kimoja. Jumapili hakuonekana kanisani kwetu. Tulijiambia anasali mjini Nyeri, kwenye kanisa la watu wa ofisi, lenye viti vya mito.

Kisha ukaja mwaka ambao mvua ndefu zilikuwa fupi. Mifereji ya mradi wa maji, yaani bomba za nyumbani, ilianza kukohoa, halafu ikanyamaza. Hapa lazima nieleze ugonjwa wetu. Kupata mfereji nyumbani kulituchukua maisha ya wazazi wetu. Mama zetu walipanda kilima hiki na mitungi, mikanda ya kubebea imewakata kipaji cha uso. Kwa hiyo mtu mwenye mfereji hawezi kukubali kwamba anarudi mtoni. Tulirudi wote, lakini kila mtu alirudi kwa siri yake. Ukikutana na mtu njiani na mtungi wa njano, anasema ni ya ng'ombe. Mwaka ule, kwa maneno ya wenyewe, ng'ombe wa Gakindu walikunywa kuliko tembo.

Katikati ya ukame huo chifu akatangaza baraza. Serikali ilikuwa inapitia upya mito yote midogo, kila mmoja uandikwe ni wa kazi gani. Mwenyekiti wa kahawa alipita nyumba kwa nyumba, kwa upole, akieleza. Karui ikiandikwa kuwa ya shamba na mifugo, kipimo kitalegezwa, mashimo hayatahitajika, na pesa ya mashimo itarudi kwenye malipo ya mkulima. "Na siku hizi nani anakunywa mto?" aliuliza. "Si wote tuko na mfereji?"

Jioni moja nilipanda kwa Mama Chupa. Alikuwa amekaa barazani kwake, mikono mapajani.

"Utawaambia?" nikauliza.

"Kuwaambia nini? Nilifanya hii kazi nikijua ukiwawekea watu maneno mdomoni, hiyo si majibu tena. Mto ni wa wenye kuutumia. Wakisema hawautumii, basi hawautumii."

"Lakini tunautumia."

"Basi useme wewe."

"Mimi?" nikasema. "Mimi ni mtu wa nyumbani."

Akanitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda. "Wakiandika ya shamba, hairudi," akasema. "Niliangalia huo mto mpaka macho yangu yakazeeka. Sitaki kuuona ukishushwa cheo nikiwa nimekaa hapa juu."

Baraza lilifanyika uwanjani kwa chifu, adhuhuri. Afisa aliyetoka Nyeri alikuwa kijana nadhifu mwenye kishikwambi, neno ninalolijua kwa sababu redio hulipenda. Alieleza vizuri, nami nilifurahi kuona hata yeye alitumia mfano wa nguo, ingawa wake ulikuwa wa sare za shule na haukuwa mzuri kama ule wa koti. Kisha akauliza, "Ni nani hapa anatumia maji ya Karui nyumbani? Kupika, kunywa, kuoga?"

Ungeweza kusikia kuku wa chifu wakitembea.

"Hakuna?"

"Tuko na mfereji," akasema mama mmoja, akinyoosha kitambaa chake.

"Wote?"

Mikono ikapanda. Wangu pia. Sikudanganya, mfereji ninao. Maji ndiyo sina. Mama Njoki alinitazama kwa jicho ambalo huwa anawawekea wanunuzi wa ndizi.

Mwenyekiti alikuwa ameketi mbele, anatabasamu kidogo, bila ubaya, kama mtu aliyeona mvua inakuja upande wa shamba lake. Kijana akainamia kishikwambi. "Basi tutaandika: kilimo na mifugo."

"Ngoja kidogo, kijana yangu."

Mama Chupa alikuwa amesimama, kule nyuma, kofia kichwani. Nilijua anaweza kutoa hotuba ya kisayansi ambayo hakuna mtu angeielewa na kila mtu angepiga makofi. Nilijua pia anaweza kutuuliza nani ana maji leo, tukaaibika wote mbele ya mgeni, na hatungemsamehe. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Andika mimi," akasema. "Mimi natumia."

Watu waligeuka. Mwenye tangi! Mwenye bomba ya ndani!

"Tangi yangu imekauka. Mfereji unatoa upepo. Maji ya kunywa nachota Karui. Nachota mwenyewe, na mtungi, mgongoni." Sauti yake ilikuwa chini, na uso ulikuwa umebadilika rangi. "Nachota Jumapili, nyinyi mkiwa kanisani, ndiyo msinione. Mlidhani naenda Nyeri. Siendi Nyeri. Nachemsha, nakunywa. Sasa mmejua. Andika."

Akaketi. Hakuna aliyecheka. Kijana alikuwa ameinua kidole hewani juu ya kioo, hajui kama aandike.

Mke wangu akasimama. "Andika na mimi. Mama Njoki. Tunakunywa, tunapikia, naoshea ndizi za kwenda soko. Na huyu mzee wangu aliyeinua mkono, chai aliyokunywa asubuhi mpaka ikamwagikia shati ilikuwa ya Karui."

Hapo kicheko kikapasuka, na kikabeba kila kitu. Yule mama wa kitambaa akasema hata yeye, lakini ya kuoga tu. Jirani yake akamwuliza kama huwa anapika kwa mate. Mzee wa kanisa la kuzamisha akasema andika ubatizo. Mtu akasema nyuki wake. Mtu mwingine, mwenye umri wa kutosha kutojali, akasema yeye huoga huko bila nguo yoyote na angependa serikali iheshimu hilo. "Pole pole, wazee," kijana akasihi, "nafasi imejaa!" Chifu alijaribu kutuliza watu, kisha akakohoa na kusema, kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi, kwamba hata kwa chifu mambo yako hivyo.

Mwenyekiti alitazama viatu vyake.

Karui ilibaki mto wa maji ya nyumbani. Chifu alilitangaza hilo baada ya muda, na fakitori ikachimba mashimo mapya kabla ya kahawa kuiva. Kwa kipindi fulani mke wa mwenyekiti hakumsalimia Mama Chupa. Alikuwa anakumbuka ghafla kitu upande wa pili wa barabara. Mama Chupa alipeleka kahawa yake ya shamba dogo fakitorini kama kawaida, akapanga foleni kama kawaida, akapewa risiti bila neno. Kilichobadilika ni kwamba alianza kuchota mchana, katikati ya wiki, kofia kichwani, na wengine tukaacha kusema ni ya ng'ombe. Mgongo wake haukuzoea mtungi. Alipanda kilima akitukana kwa lugha ya kwao, na tuliokuwa tukielewa nusu tulijifunza hiyo nusu vizuri.

Nilimkuta mtoni msimu wa kahawa ulipokuwa umepamba moto. Mashine za fakitori zilikuwa zinanguruma juu yetu tangu asubuhi, na mimi nilikuwa nimetumwa na Mama Njoki. Mama Chupa alikuwa amesimama kwenye jiwe lake, anachota kwa kikombe, bila haraka. Maji yalikuwa maji. Nilinusa: hayakuwa na harufu yoyote. Nikajiweka hatua chache chini yake na mtungi wangu, matope ya miguu yangu yasimfikie, tukawa tunasemezana juu ya bei ya maziwa.

Mwenyekiti akatokea njiani. Alisita alipotuona, lakini alikuwa ameshuka mno kuweza kujifanya anapita. Mkononi alikuwa na mtungi msafi sana.

"Hamjambo," akasema.

"Hatujambo, mwenyekiti."

Mashine zikanguruma.

"Ni ya ng'ombe," akasema.

Mama Chupa aliutazama mtungi. Mdomoni mwa mtungi huo kilikuwa kimefungwa kitambaa cheupe cha kuchujia, kimefuliwa, kimepigwa pasi.

"Ng'ombe yako inachujiwa, mwenyekiti?"

Alijaribu kukaza uso. Nilimwona akijaribu. Kisha ile besi ya kanisani ikamtoka kama kicheko, mpaka akashika mti. "Madam, acha. Acha tu. Mama amesema nisirudi bila maji ya chai."

"Basi chota," akasema Mama Chupa, akimwonyesha kwa kikombe. "Lakini simama chini yangu."

Mwenyekiti akavua viatu, akashuka, akasimama pale nilipokuwa nimesimama mimi. Nami nikauchukua mtungi wangu, nikasogea chini zaidi. Sikuuliza. Cheo ni cheo.